Harry Johnston na Posta Isiyokuwa na Fedha



Katika toleo hili nimeombwa niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye historia yake inaligusa eneo letu la Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Nimemchagua mtu ambaye wengi wetu tulimkuta darasani katika mstari mmoja tu, kwamba alimwangusha Mlozi wa Karonga. Mtu huyo ni Harry Johnston. Sikumchagua kwa kuwa alikuwa rafiki yetu, maana hakuwa. Nimemchagua kwa sababu alipewa kazi ambayo mimi, kama mtumishi wa serikali, naielewa vizuri: kuanzisha huduma bila fedha za kutosha na bila watu wa kutosha. Moja ya huduma hizo ilikuwa ni posta.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini habari ya posta inaniuma. Nilipokuwa kidato cha pili, mzee wetu aliuza mpunga, akanitumia karo kwa hawala ya posta. Karatasi ilifika upesi. Niliipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa hakuna fedha, nije kesho. Kesho ilikuwa ni ile ile. Nilikwenda na kurudi wiki tatu, karatasi ikachakaa mfukoni, na jina langu lilikuwa tayari katika orodha ya watakaorudishwa nyumbani. Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake, na droo yake ilikuwa tupu. Tangu siku hizo najua kwamba posta si jengo wala si stempu. Posta ni fedha iliyomo ndani ya droo na mtu aliye tayari kuitoa.

UJANA WAKE

Henry Hamilton Johnston, aliyejulikana zaidi kwa jina la Harry, alizaliwa tarehe 12 Juni, 1858, huko Kennington, London. Alikuwa mtu mfupi sana wa kimo, mwenye sauti nyembamba, na wakubwa wake wengi walimdharau walipomwona mara ya kwanza. Hawakumdharau kwa muda mrefu. Alisoma King's College ya London, kisha akajifunza uchoraji katika chuo cha Royal Academy. Alipenda wanyama, ndege, mimea na zaidi ya yote lugha. Mwaka 1879 alikwenda Tunisia kuchora, na tangu hapo Afrika ikawa ndiyo kazi ya maisha yake.

Mwaka 1882 alisafiri Angola, mwaka uliofuata akafika Kongo na kukutana na Stanley, na mwaka 1884 akaongoza msafara wa uchunguzi wa mimea na wanyama katika mlima Kilimanjaro. Humo njiani alijifunza Kiswahili. Halafu akaajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Uingereza kuwa naibu wa balozi katika Kamerun na delta ya mto Niger. Huko mwaka 1887 alimkamata Mfalme Jaja wa Opobo, mfanyabiashara hodari aliyekuwa akiwazuia Waingereza wasimpunguzie faida yake, akamwondoa nchini. Kwa hiyo kabla hajatufikia sisi, tabia yake ilikwisha kuonekana: mwerevu, mchapakazi, mpenda elimu, na mtu asiyesita kuvunja heshima ya mwenyeji pale ambapo faida ya nchi yake ilidai.

HUNDI YA PAUNI 2,000

Mwaka 1889 Johnston aliteuliwa kuwa balozi mdogo katika Msumbiji. Uingereza ilitaka kuziweka nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa chini yake kabla Wareno na Wajerumani hawajazichukua, lakini Hazina yao haikutaka kutoa fedha. Hapo ndipo alipoingia Cecil Rhodes, tajiri wa almasi wa Afrika Kusini. Walikutana London, na katika mazungumzo ya usiku mmoja Rhodes akamwandikia Johnston hundi ya pauni 2,000 kwa ajili ya safari ya kutafuta mikataba na machifu. Mtumishi wa serikali akaenda kufanya kazi ya serikali kwa fedha za mfanyabiashara. Tuiweke hundi hiyo akilini, maana matatizo yake yote ya baadaye yalizaliwa humo.

Mwezi Oktoba mwaka huo alifika Karonga, mwendo mfupi tu kusini ya mto Songwe. Nchi ya Wangonde ilikuwa imeharibika. Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa amejenga ngome karibu na Karonga. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde wakawaua wengi, na waliosalia wakakimbilia upande wa kaskazini kwa ndugu zao. Kampuni ya Maziwa ya Waskoti, yenye duka Karonga, ilipigana na Mlozi kwa karibu miaka miwili bila kumshinda. Johnston alifanya naye mapatano ya amani, kisha akaendelea mpaka Ziwa Tanganyika.

Tarehe 1 Julai, 1890, Waingereza na Wajerumani wakatia sahihi mkataba wao huko Ulaya. Mto Songwe ukawa mpaka. Wangonde wakabaki upande wa Waingereza, Wanyakyusa wakawa upande wa Wajerumani, ingawa wote ni watu wa asili moja na wanasikilizana kwa lugha. Hakuna aliyeulizwa ng'ambo hii wala ng'ambo ile.

PAUNI 10,000 KWA NCHI NZIMA

Mwaka 1891 Johnston alirudi akiwa Kamishna wa himaya mpya ya Afrika ya Kati ya Kiingereza, ambayo leo ni Malawi, na makao yake yakawa Zomba. Wakati huo huo alikuwa msimamizi wa nchi za Kampuni ya Rhodes zilizoko kaskazini ya mto Zambezi. Yaani alikuwa mtumishi wa mabwana wawili: mmoja mwenye amri lakini hana fedha, mwingine mwenye fedha lakini anataka amri.

Fedha yenyewe ilikuwa ruzuku ya pauni 10,000 kwa mwaka kutoka katika Kampuni. Kwa fedha hizo ilibidi alipe askari, maofisa, boti, ofisi, wapagazi na posta. Alikuwa na askari wapatao 70 wa jeshi la India, Kalasinga na Waislamu, chini ya Kapteni Cecil Maguire, ambaye aliuawa mwezi Desemba mwaka huo huo katika vita vya pwani ya mashariki ya ziwa. Wazungu wote katika himaya hiyo hawakufika 100, na wengi wao walikuwa wamisionari na walowezi.

Kabla ya hapo hapakuwa na posta ya serikali. Barua za wamisionari zilipelekwa na Kampuni ya Maziwa mpaka Quelimane, na huko zikabandikwa stempu za Wareno. Johnston alianza na stempu za Kampuni ya Rhodes, zikapigwa juu yake chapa ya herufi tatu, B.C.A. Jambo la kushangaza ni kwamba stempu hizo hazikuishia peni na shilingi tu. Zilikuwako hata za pauni 5 na pauni 10. Hakuna barua ya kulipiwa pauni 10. Stempu hizo zilitumika kulipia ada za serikali katika hati na leseni. Ndiyo kusema karatasi ile ile ilikuwa ni nauli ya barua na pia stakabadhi ya ushuru. Serikali isiyo na mhasibu wa kutosha ilijifunza kukusanya mapato kwa gundi.

Kuhusu watumishi, hakuweza kuajiri wakuu wa posta. Aliwaweka wakusanyaji mapato mmoja mmoja katika kila wilaya, na kila mmoja akawa hakimu, mtoza kodi, mtu wa forodha, mkuu wa polisi na mwenye posta. Walikuwa vijana, na malaria iliwamaliza. Aliyepona homa alirudishwa kwao, na kazi ikabaki kumngojea mwingine. Johnston mwenyewe alipatwa na homa ya mkojo mweusi zaidi ya mara moja.

NJIA YA BARUA

Sasa tufuate mfuko mmoja wa barua kutoka Ulaya mpaka kwetu. Meli iliushusha Chinde, kwenye mdomo wa mto Zambezi, ambapo Waingereza walipewa na Wareno kipande cha ardhi cha kushushia mizigo. Hapo ukapakiwa katika boti ya mto, ukapanda Zambezi na kuingia mto Shire hadi Chiromo na Katunga. Mbele yake palikuwa na maporomoko, boti haiwezi kupita. Mfuko ukapanda kichwani na mabegani mwa watu mpaka Blantyre, kisha mpaka Shire ya juu, ukashuka tena majini, ukaingia ziwani katika meli ndogo kama Domira ya Kampuni ya Maziwa. Meli ilikata ziwa lote kwenda kaskazini hadi Karonga. Kutoka Karonga barua za Ziwa Tanganyika zilifuata ile iliyoitwa Barabara ya Stevenson, barabara ambayo tajiri mmoja wa Glasgow aliitolea fedha mwaka 1881 na ambayo haikukamilika kamwe.

Na barua za upande wetu? Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin waliofika mwaka huo huo, walikuja kwa njia hiyo hiyo ya Shire na ziwa. Mwaka 1893 Wajerumani walileta meli yao, Hermann von Wissmann, ikiwa vipande vipande kwa njia hiyo hiyo, na wakaanzisha boma la Langenburg katika pwani ya kaskazini-mashariki ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone. Meli hiyo nayo ilipatikana kwa fedha za ajabu: Wajerumani walichezesha bahati nasibu kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa. Langenburg ilikuwa mbali sana na Dar es Salaam kwa miguu. Kwa hiyo barua za nchi ya Konde, kama Wajerumani walivyoiita nchi yetu, zilipitia ziwani, Shire na Chinde, katika nchi ya Johnston. Mpaka wa Songwe uliwatenga ndugu, lakini haukuwatenga wakubwa wanaopelekeana barua.

WALIOBEBA NA WALIOLIPA

Ni nani walioubeba mfuko huo? Katika ramani za Johnston njia zimechorwa kwa mstari mwekundu. Mstari huo ulikuwa ni miguu ya watu. Wapagazi wa huko waliitwa tengatenga, wengi wao Watonga wa pwani ya magharibi ya ziwa, Wayao na Wangoni. Matarishi wa barua walikimbia kutoka kituo hadi kituo, katika nchi yenye simba na mito isiyo na madaraja. Majina ya wakusanyaji mapato yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya matarishi hayamo.

Na ni nani aliyelipa? Ruzuku ya Kampuni haikutosha tangu mwaka wa kwanza. Johnston alitumia zaidi ya alichopewa. Akatafuta mapato penginepo: ushuru, leseni za bunduki, na kodi ya nyumba. Kodi ilianza kwa shilingi sita, ikapunguzwa kuwa shilingi tatu kwa kila nyumba kwa mwaka. Shilingi tatu ilikuwa kama mshahara wa mwezi mzima wa kibarua. Mtu asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuifanyia kazi, na kazi iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa ni ya kubeba mizigo. Hebu fikirini, ndugu zangu. Mwananchi wa kijijini, asiyejua kuandika na asiyekuwa na mtu wa kumwandikia, alibeba barua za wengine ili apate fedha ya kulipa kodi ya kuendesha serikali iliyomtuma abebe. Upande wetu Wajerumani nao walianza kodi ya nyumba mwaka 1898, na hesabu ikawa ni ile ile.

Rhodes naye alikuwa na hesabu yake. Mwaka 1893 alikubali kuongeza ruzuku, lakini akitaka haki zaidi juu ya ardhi na madini. Johnston alikataa kuwa karani wa Kampuni. Waligombana vikali, na urafiki wa ile hundi ukafa. Johnston akaililia Hazina ya Uingereza, na mwishoni mwa mwaka 1894 serikali yake ikakubali kubeba gharama yenyewe. Kuanzia mwaka 1895 himaya ikatengana na nchi za Kampuni, ikapata stempu zake zenye nembo yake. Katika jambo hili hatuna budi kumpa haki yake. Alitambua, ingawa kwa kuchelewa, kwamba mwenye kulipa mishahara ndiye mwenye nchi.

KARONGA, 1895

Amani ya mwaka 1889 haikudumu. Mlozi aliendelea kukamata watu, na njia ya kaskazini ikawa ya hatari. Mwishoni mwa mwaka 1895 Johnston alipanda ziwa na askari wake na mizinga. Meli zake hazikutosha kuchukua jeshi zima, akaazima Hermann von Wissmann kutoka kwa Wajerumani wa Langenburg. Mwanzoni mwa Desemba ngome ikaanguka. Mlozi akakamatwa akiwa na jeraha, akahukumiwa mbele ya wazee wa Wangonde, akanyongwa.

Wangonde walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mamia ya watu waliokuwa wamefungwa ngomeni walitoka. Lakini ngome ilipoanguka, kodi ilikuja nyuma yake. Hayo yote mawili ni kweli, na mwanafunzi wa historia asiliache moja kwa kulipenda jingine.

BAADA YA NYASA

Mwaka 1896 Johnston alipewa cheo cha heshima, akaitwa Sir Harry, akaoa, na akaondoka Nyasa kwa sababu ya afya. Naibu wake, Alfred Sharpe, ndiye aliyemrithi. Mwaka 1898 stempu za peni moja ziliisha kabisa, na Sharpe akalazimika kuchapisha hapo hapo nchini stempu za muda kwa mhuri wa hundi, zitumike mpaka nyingine zifike kutoka Uingereza. Hivyo ndivyo posta ile ilivyokuwa: hata stempu yenyewe ilingojea meli.

Kuhusu watumishi, dawa ilipatikana shuleni. Misioni za Blantyre na Livingstonia zilitoa vijana waliojua kusoma na kuandika, na hao wakawa makarani na wapiga simu za maandishi. Waya wa simu wa Rhodes ulifika Blantyre mwaka 1895, ukafuata ziwa kwenda kaskazini, ukapita katika nchi ya Wajerumani baada ya Rhodes kumwomba ruhusa Kaisari mwaka 1899, na ukaishia Ujiji. Rhodes alikuwa ameota kuufikisha Cairo. Alikufa mwaka 1902.

Johnston alikwenda Tunisia, kisha mwaka 1899 akatumwa Uganda. Kazi aliyopewa ilikuwa ni ile ile ya Zomba: kupunguza gharama za serikali. Katika Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 aliandika kodi ya rupia tatu kwa kila nyumba. Huko huko ndiko alikowatambulisha wataalamu wa Ulaya kwa mnyama wa misitu ya Kongo aitwaye okapi, ambaye kwa lugha ya sayansi amepewa jina lake. Alistaafu akiwa bado kijana wa miaka arobaini na kitu, umri wangu mimi. Alijaribu kuingia bungeni akashindwa. Akajifungia na vitabu, na kazi yake kubwa ya kulinganisha lugha za Kibantu ilitoka katika majuzuu mawili, mwaka 1919 na 1922. Alifariki dunia tarehe 31 Julai, 1927.

TUNAJIFUNZA NINI?

Vijana wetu wataniuliza, tumweke wapi mtu huyu? Mimi namweka mahali pawili. Kwa elimu yake na bidii yake, ni mfano. Aliziandika lugha zetu wakati ambapo wenzake waliziona kama kelele. Kwa jinsi alivyotawala, ni onyo. Alijenga huduma kwa ajili ya wachache na hesabu akawapelekea wengi.

Posta tuliyorithi imepita mikono mingi. Mwaka 1933 posta za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganishwa; Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tukaanza ya kwetu; na tangu mwaka 1994 tuna Shirika la Posta Tanzania. Siku hizi karo hutumwa kwa simu ya mkononi, na kijana wa Ipinda au Matema hana haja ya kukunja hawala mfukoni mpaka ichakae. Lakini swali halijabadilika. Kila huduma mpya inapotangazwa wilayani kwetu, iwe zahanati, maji au barabara, mimi huuliza mambo mawili kabla sijapiga makofi: nani analipa, na nani atakayekaa dirishani kila siku. Nimehudhuria mikutano mingi ya bajeti. Majengo hupata wafadhili upesi. Mshahara wa karani hauna mfadhili.

Ninyi mnaosoma sasa, baadhi yenu mtakuja kukaa dirishani, na baadhi mtakuja kupanga bajeti ya dirisha hilo. Mtakapopanga, mkumbukeni tarishi aliyevuka mito na mfuko begani, na mkumbukeni mtoto aliyesimama nje kwa wiki tatu na karatasi yake mkononi. Karo yangu ililipwa mwishowe. Mwalimu mmoja wa shule hii, ambaye sasa ni marehemu, alinikopesha kutoka katika mshahara wake, nikabaki darasani. Nilimrudishia fedha zake siku droo ile ilipojaa. Deni lenyewe ndilo ninalojaribu kulipa kwa kazi yangu mpaka leo.